Mrija wa nyongo haupimwi kwa siku tano: barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za upasuaji

Waheshimiwa mnaopanga, mnaogharamia na mnaosimamia huduma za upasuaji,

Hivi karibuni niliwekewa mezani fomu ya kuombea idhini ya huduma mpya, yaani kujenga upya mrija wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Ilikuwa fomu nadhifu. Iliuliza upasuaji utachukua saa ngapi, mgonjwa atalazwa siku ngapi, atapoteza damu kiasi gani, kovu lake litakuwa na urefu gani, na ni wagonjwa wangapi wanaotarajiwa kurudi wodini ndani ya siku 30. Niliisoma mara mbili nikitafuta swali moja, nikalikosa: baada ya miaka mitano, je, mrija huo utakuwa bado wazi? Ninawaandikia kwa ajili ya swali hilo lisiloulizwa, na ninawaandikia hadharani kwa sababu fomu za namna hiyo sizijazi peke yangu.

Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya, kwamba sipingi matundu madogo. Ni kazi yangu ya kila wiki, na mtu mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo nisingependa apasuliwe tena kwa kovu refu chini ya mbavu kama walivyopasuliwa wazazi wetu. Ninachopinga ni kutoa idhini, kwa vipimo vya siku tano, kwa kazi ambayo ubora wake hujulikana baada ya miaka. Kutoa kifuko cha nyongo na kujenga upya mrija wa nyongo ni kazi mbili zinazofanyika mahali pamoja mwilini, kwa kamera ileile na pengine kwa mikono ileile, lakini hazina undugu zaidi ya huo. Katika ya kwanza tunaondoa kitu ambacho mwili unaweza kuishi bila hicho. Katika ya pili tunatengeneza njia ambayo itapitisha nyongo usiku na mchana kwa maisha yote ya mgonjwa, na asipokuwa na njia hiyo ini lake litaharibika.

Naomba mniruhusu nieleze kwa nini mrija huu hausamehe, kwa kuwa wengi kati yenu si madaktari wa upasuaji na maamuzi yenu yanategemea maelezo ya watu kama mimi. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku. Nyongo hiyo hukusanywa na vijimrija vinavyoungana hatua kwa hatua hadi vinapotokea kwenye lango la ini kama mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, ambayo nayo huungana kuwa mrija mkuu unaoteremka hadi kwenye utumbo. Mrija mkuu huo, ukiwa mzima, una kipenyo cha takriban milimita 6, na ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba sindano iliyochomwa vibaya huuchana badala ya kuushona. Damu yake huletwa na mishipa myembamba inayopita ubavuni mwake, mmoja kulia na mwingine kushoto, na sehemu kubwa ya damu hiyo hupanda kutoka chini. Hapo ndipo penye siri ambayo wengi wetu tuliijua kwa kuchelewa: mrija ukikatwa, kipande kinachobaki upande wa ini kimepoteza sehemu kubwa ya lishe yake, hata kama kwa macho kinaonekana chekundu na chenye afya. Ukikishona hapohapo kilipokatikia, mshono utashika, mgonjwa atakwenda nyumbani akishukuru, kisha kidogo kidogo ncha iliyokosa damu itageuka kovu, na kovu kazi yake ni kukaza.

Kwa sababu hiyo upasuaji unaotegemewa zaidi hauunganishi ncha mbili za mrija uliokatwa. Daktari hupanda juu hadi kwenye lango la ini, akatafuta sehemu ya mrija yenye damu ya kutosha, akaifungua kwa upana, kisha akaleta kitanzi cha utumbo mwembamba na kukishonea hapo, utando wa ndani wa mrija ukigusana na utando wa ndani wa utumbo bila kuvutana. Kitanzi hicho kina umbo la herufi Y, na kimebeba jina la daktari wa Uswisi, César Roux, aliyekieleza mwishoni mwa karne ya 19. Huachwa na urefu wa sentimita 40 hadi 60 ili chakula kisipande kuelekea kwenye ini. Wafaransa wawili, Jacques Hepp na Claude Couinaud, walionyesha mwaka 1956 namna ya kushusha utando ulio kwenye lango la ini na kuupata mrija wa kushoto, ambao hulala wima kidogo na ulalo mwingi, hivyo kutoa nafasi ya mshono mpana hata pale mrija mkuu ulipoharibika kabisa. Mshono wenyewe hutumia nyuzi nyembamba zinazoyeyuka, kila uzi ukipimwa mahali pake, mafundo yakiachwa nje. Ndiyo kazi yote hiyo. Ikielezwa kwa maneno ni fupi. Ikifanywa, ni saa kadhaa za kushona ndani ya eneo lisilozidi upana wa kidole gumba, huku mshipa mkubwa wa ini ukipita nyuma yake.

Sasa fikirini kazi hiyo ikifanywa kwa vifaa virefu vinavyopita kwenye matundu manne au matano ya tumbo lililojazwa gesi. Kuna faida za kweli, na mtu anayezikana hajawahi kusimama pale. Kamera huingia hadi mahali ambapo jicho la mpasuaji wa tumbo wazi halifiki, na mrija wa milimita chache huonekana kwenye skrini ukiwa mkubwa kama bomba la maji. Maumivu baada ya upasuaji hupungua, kidonda huambukizwa mara chache, ngiri ya kwenye kovu ni nadra, na mgonjwa husimama mapema. Lakini mkono umefungwa. Kila kifaa kina mhimili wake kwenye ukuta wa tumbo, kwa hiyo ukisogeza mkono kulia ncha huenda kushoto, na pembe ambayo sindano inapaswa kuingia nayo kwenye mrija mara nyingi ndiyo pembe ambayo kifaa hakiwezi kuifikia. Mkono wa wazi huhisi uzi unapokaribia kukata nyama. Kifaa kirefu hufikisha kwenye vidole sehemu ndogo tu ya habari hiyo. Mishono ya nyuma lazima iwe sahihi mara ya kwanza, kwa maana ukishafunga mishono ya mbele huioni tena.

Roboti za upasuaji, ambazo najua zinajadiliwa sana katika vikao vyenu, zimerudisha kifundo cha mkono ndani ya tumbo, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayeshona. Hata hivyo, roboti hailipi mrija damu iliyopotea, wala haichagui mahali pa kukata. Nimeona mshono mzuri kabisa uliofanywa mahali pasipofaa.

Jambo ambalo fomu ile ililificha, pengine bila kukusudia, ni kwamba iliwaweka wagonjwa wote kwenye kapu moja. Mtoto aliyezaliwa na mrija wa nyongo uliotanuka kama kifuko ni mgonjwa wa aina moja. Uvimbe huo lazima uondolewe, kwa sababu ukiachwa huleta maambukizi na, miaka ikienda, saratani. Lakini ukishauondoa, mrija unaobaki juu mara nyingi ni mpana, hauna kovu, na tumbo halijawahi kuguswa. Ni kwa wagonjwa wa namna hii ambapo matundu madogo yalithibitisha uwezo wake. Farello na wenzake huko Italia walieleza mwaka 1995 jinsi walivyoondoa uvimbe huo kwa mtoto wa miaka 6 na kumshonea utumbo kwa njia ya kamera, na tangu hapo vituo vikubwa, hasa vya Asia Mashariki ambako ugonjwa huo ni wa kawaida zaidi, vimeifanya kazi hiyo kuwa ya kila siku. Kituo kinachotaka kuanza, kianzie hapo.

Mtoto mchanga ambaye mirija yake imeziba tangu kuzaliwa ni mgonjwa mwingine kabisa. Upasuaji wake, uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, hauunganishi mrija wowote, kwa kuwa hakuna mrija; hukwangua kovu kwenye lango la ini na kushonea utumbo juu ya vijitundu visivyoonekana kwa macho, na matumaini yake hupungua kila wiki inayopita baada ya umri wa siku 60 hivi. Katika upasuaji huu kulikuwa na vituo vilivyojaribu matundu madogo kwa shauku kubwa, vikalinganisha idadi ya watoto waliobaki na ini lao wenyewe, kisha vikarudi kwenye upasuaji wa wazi. Sijaona ushujaa mkubwa zaidi katika fani yetu kuliko huo wa kurudi nyuma kwa sababu hesabu imekataa.

Na wa tatu ni yule ambaye mrija wake ulikatwa, ukafungwa kwa klipu au ukaunguzwa kwa umeme wakati wa kuondolewa kifuko cha nyongo. Huyu ana mrija mwembamba ambao haujapata muda wa kutanuka, au uliozungukwa na usaha na nyongo iliyovuja, na mara nyingine mshipa wa damu wa ini upande wa kulia nao umekatwa. Huyu ndiye mgonjwa mgumu kuliko wote, na ndiye ambaye fomu yenu inamhesabu sawa na mtoto mwenye uvimbe laini, kwa namba moja ya upasuaji na kwa lengo moja la siku za kulazwa.

Naomba nikae kidogo kwa mgonjwa huyu wa tatu, kwa maana historia yake inafundisha namna ambavyo idhini hutangulia hekima. Kifuko cha nyongo kiliondolewa kwa mara ya kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, na kwa miaka zaidi ya mia moja kiliondolewa kwa kufungua tumbo. Erich Mühe, naye Mjerumani, alikiondoa kwa kamera mwezi Septemba 1985, akadharauliwa na wenzake. Philippe Mouret akafanya hivyo mjini Lyon mwaka 1987, na katika miaka michache njia hiyo ikaenea dunia nzima, ikisukumwa na wagonjwa waliotaka makovu madogo na hospitali zilizotaka vitanda viachwe wazi mapema. Katika upasuaji wa wazi mrija mkuu ulijeruhiwa kwa takriban mgonjwa mmoja au wawili kati ya 1,000. Kwa matundu madogo idadi ilipanda hadi watatu, wanne, hata watano kati ya 1,000. Hakuna aliyekusudia. Ilikuwa tu kwamba vifaa viliuzwa na kufungwa kabla ya kanuni kuandikwa.

Kanuni zilikuja baadaye. Steven Strasberg na wenzake waliandika mwaka 1995 kwamba kabla ya kukata chochote daktari asafishe pembetatu iliyo kati ya kifuko na ini, akitenganishe kifuko na kitanda chake kwa chini, na aone vitu viwili tu, si kimoja wala vitatu, vikiingia kwenye kifuko. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake walichambua majeraha 252 ya mrija wa nyongo na kukuta kwamba asilimia 97 yalitokana na jicho kudanganyika: daktari aliuona mrija mkuu, akaamini kwa dhati kuwa ni ule mwembamba wa kifuko, akaukata kwa ustadi. Uzembe wa mikono ulihusika katika asilimia 3 tu. Nawasihi msiipite takwimu hiyo haraka. Maana yake ni kwamba aliyemjeruhi mgonjwa mara nyingi ni daktari mzuri aliyekuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika haombi msaada.

Ndiyo sababu hatua inayofuata baada ya jeraha ina uzito kuliko jeraha lenyewe. Lygia Stewart na huyo Way waliwahi kuonyesha, mwaka 1995, kwamba pale daktari aliyesababisha jeraha alipojaribu kulitengeneza yeye mwenyewe, alifaulu kwa asilimia 17 ya majaribio, wakati ambapo wataalamu wa mirija ya nyongo katika vituo vikubwa walifaulu kwa asilimia 94. Nimeirudia tofauti hiyo mbele ya madaktari vijana mara nyingi, na kila mara kuna anayeinamisha kichwa. Nadhani najua anachowaza. Nami nimewahi kukaa na tumbo wazi mbele yangu, nyongo ikivuja, nikijiambia kwamba nyuzi tatu nzuri zitamaliza aibu hii kabla mtu hajajua.

Kuna mgonjwa mmoja mashuhuri ambaye maisha yake ya hadharani yanaonyesha muda ambao jambo hili hudumu. Anthony Eden, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliondolewa kifuko cha nyongo mwezi Aprili 1953, na mrija wake ukaharibiwa. Alifanyiwa matengenezo Boston na Richard Cattell, bingwa wa kazi hiyo katika zama zake, akapona, akawa waziri mkuu. Homa zikarudi, mojawapo ilimshika Oktoba 1956, katikati ya mgogoro wa Suez. Alijiuzulu Januari 1957 na mwaka huohuo akapasuliwa tena na Cattell, kisha akapasuliwa tena mwaka 1970. Kama angehesabiwa kwa siku 30 baada ya upasuaji wa Boston, Eden angeandikwa kuwa amefaulu kikamilifu.

Mimi pia nina mgonjwa wangu wa namna hiyo, ingawa hajulikani na yeyote. Alikuwa mwanamke kijana aliyeletwa kwetu na mrija uliofungwa kwa klipu. Tulimsubiri hadi maambukizi yakaisha, kisha nikaujenga mrija wake kwa matundu madogo, kazi iliyochukua karibu siku nzima. Aliondoka hospitalini siku ya tano akitembea. Upasuaji ulirekodiwa, ukahaririwa hadi dakika kumi na mbili, na kwa miaka miwili na nusu niliuonyesha kila nilipoalikwa kufundisha; watu walipiga makofi, nami sikuwazuia. Kisha alirudi. Alikuwa anatetemeka, macho yamegeuka manjano, mikono imejaa alama za kujikuna. Picha za mirija zilionyesha mshono wangu umesinyaa hadi kubaki uwazi wa uzi. Nilipoiangalia tena ile rekodi yote, si zile dakika kumi na mbili, niliona saa ambayo nilipaswa kupanda juu zaidi kwenye lango la ini na sikupanda, kwa sababu pembe ya vifaa ilikuwa mbaya na mahali pale chini palionekana pazuri vya kutosha. Ningekuwa nimefungua tumbo ningepanda. Tulimtanua kwa puto kupitia ini mara kadhaa, na mwishowe nikamfungua tumbo na kumshona upya.

Sijisemi ili mnihurumie. Nasema kwa sababu katika takwimu zote nilizowahi kupeleka ngazi za juu, mwanamke yule yumo kwenye safu ya waliofaulu, na hakuna karatasi iliyoniomba nimwondoe humo.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. La kwanza na kubwa ni kwamba kila atakayejengewa mrija wa nyongo, kwa matundu au kwa kovu refu, aandikwe kwenye daftari la kudumu na afuatiliwe kwa angalau miaka kumi, kwa vipimo vya damu vya ini kila mwaka na kwa picha za mirija pale vipimo hivyo vinapopanda. Mirija mingi inayosinyaa hujitokeza katika miaka michache ya mwanzo, lakini mingine hungoja hadi mwaka wa kumi au zaidi, na ini linaloharibika polepole halilii. Daftari hilo lisiachwe mikononi mwa daktari aliyeshona. Sisi ni binadamu. Mgonjwa aliyeacha kuja kliniki tunamhesabu kuwa mzima, wakati pengine amekwenda kutibiwa homa zake mahali pengine kwa sababu ametukatia tamaa. Idhini ya kituo kuendelea na kazi hii itokane na daftari hilo, si na fomu ya kuanzia.

Pili, hao wagonjwa wa aina tatu watenganishwe katika idhini zenu. Kituo kinaweza kuruhusiwa kuondoa uvimbe wa kuzaliwa nao kwa matundu madogo bila kuruhusiwa kugusa jeraha la mrija kwa njia hiyo, na hakuna fedheha ndani yake. Majeraha yapelekwe kwenye vituo vichache ambako, pamoja na mpasuaji, kuna mtaalamu wa picha anayeweza kupitisha waya ndani ya ini usiku wa manane, kuna mtaalamu wa endoskopia, yaani wa kufikia mirija kwa kamera inayopitishwa mdomoni, kuna chumba cha wagonjwa mahututi, na kuna mtu wa kumgeukia iwapo siku moja ini litahitaji kupandikizwa. Nasema vichache kwa makusudi, nikijua kuwa kila hospitali hupenda kuitwa kituo cha umahiri. Kazi hii ni nadra, na mkono unaoshona mrija mmoja kila baada ya miezi minane haujifunzi; unasahau na kuanza upya juu ya mgonjwa mwingine.

Hilo linanifikisha kwenye simu. Daktari anayegundua, akiwa bado mezani, kwamba amekata mrija, anahitaji namba ya kupiga na sauti isiyomhukumu. Akiipata, atakachoambiwa ni kifupi: usikate zaidi, usishone, weka bomba la kutolea nyongo, funga, mwambie mgonjwa ukweli, mlete. Asipoipata, au akijua kwamba kupiga simu ni kujifungulia mashtaka, atazishona zile nyuzi tatu. Mkiniuliza ni kipi kati ya yote ninayoomba kingeokoa maini mengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi, nitajibu bila kusita kwamba ni simu hiyo, na ni kanuni iliyoandikwa kwamba aliyeita mapema hataadhibiwa kwa kuita. Mrija una nafasi moja nzuri ya kutengenezwa, na kila jaribio lililoshindwa huifanya sehemu inayobaki iwe fupi zaidi na iwe juu zaidi ndani ya ini.

Kuhusu mafunzo sina mengi, kwa kuwa vyuo vyetu vya upasuaji vinajua namna ya kufundisha kushona kwa vifaa virefu: saa nyingi kwenye sanduku la mazoezi, kisha kwenye utumbo wa mnyama, kisha pembeni mwa mtu anayejua, wawili mezani, hadi aliye mafunzoni amechosha mwalimu wake kwa usahihi. Naongeza tu kwamba rekodi zinazotumika kupima uwezo wa daktari ziwe kamili, hazijahaririwa, na zitazamwe na watu wasiomjua. Dakika kumi na mbili zinaweza kumfanya yeyote aonekane fundi. Na yule anayeanza, hata kama ni bingwa wa miaka mingi, aanze na wagonjwa wenye mirija mipana, akisimamiwa, na rangi ile ya kijani inayong'aa ndani ya mirija chini ya mwanga maalumu iwepo chumbani ili isaidie pale jicho linapotaka kudanganyika.

Kisha futeni, nawaomba, ile safu inayoitwa kiwango cha kushindwa, ambamo kila mgonjwa aliyeanzwa kwa matundu na kumaliziwa kwa tumbo wazi huingizwa. Sijui ni nani aliyeibuni. Daktari anayefungua tumbo kwa sababu mrija hauonekani vizuri amefanya uamuzi sahihi katika saa ngumu, na takwimu yenu inamwandika kuwa ameshindwa. Ningekuwa na ujasiri huo siku ya mgonjwa wangu, ningeongeza namba moja kwenye safu hiyo na kumpunguzia yeye miaka mitatu ya homa. Vivyo hivyo siku za kulazwa: zisiwekewe lengo kabisa kwa upasuaji huu. Nyongo inayovuja kwenye mshono mara nyingi hujitambulisha katika wiki ya kwanza, na mgonjwa aliyeharakishwa kwenda nyumbani ili namba ipendeze atavujia kwake, mbali na anayeweza kumsaidia.

Nabaki na mgonjwa mwenyewe, ambaye katika fomu ile hakuwa na mahali pa kusema lolote isipokuwa sahihi. Kabla ya kutia sahihi hiyo anastahili kujua mambo ambayo hospitali nyingi humficha kwa adabu: kwamba kuna njia mbili za kumfanyia kazi hii, kwamba aliye mbele yake amejenga mirija mingapi kwa kila njia, kwamba wangapi kati yao wamerudi, na kwamba kovu dogo ni jambo jema ambalo halipaswi kulipiwa kwa mshono mwembamba. Nimeanza kuwaambia wagonjwa wangu hivyo, pamoja na habari za mwanamke yule bila kumtaja. Baadhi huchagua tumbo wazi, baadhi huchagua matundu, na mmoja aliomba aende kwa mtu mwingine. Nilimwandikia rufaa siku hiyohiyo.

Fomu yenu nimeijaza na nitairudisha pamoja na barua hii. Chini ya ukurasa wa mwisho, mahali palipoandikwa kwa matumizi ya ofisi tu, nimechora mstari mmoja zaidi kwa kalamu na kuandika juu yake: mrija ulikuwa wazi baada ya miaka 5, ndiyo au hapana. Mgonjwa wa kwanza wa kuandikwa hapo nimemjaza mimi mwenyewe, na jibu lake ni hapana.

Wenu katika utumishi,
Daktari wa upasuaji wa ini na mirija ya nyongo